Mwenzetu kanyolewa na kupe Marekani, sisi wa Ruvuma tutie maji

NILIVUKA Mto Ruvuma kutoka Kilambo kwa mtumbwi mkubwa wa mashine nikiwa na mbuzi 12. Ilikuwa wiki ya kwanza ya Desemba 2023, upepo wa kaskazi umeanza kuvuma na mawingu yanajikusanya upande wa bahari. Abiria wenzangu waliutazama mzigo ule, wakanipa hongera kana kwamba napeleka mahari.

Haikuwa mahari. Mbuzi wale walikuwa wa shangazi yangu, ambaye alikikimbia kijiji chake jirani na Palma baada ya shambulio la Machi 24, 2021. Aliishi kwa watu zaidi ya miaka miwili, kisha akarudi kuanza upya. Alichokikuta ni kuta zisizo na paa, minazi yake imesimama peke yake na magugu yamefika kifuani. Katikati ya banda lake la mbuzi ulikuwa umeota mti.

“Mwanangu, hata kabla ya vita sikuwahi kuwa na mbuzi 12,” aliniambia siku ile, akiwahesabu kwa mara ya tatu.

Nilikuwa nimewanunua upande wa Tanzania kutoka kwa mfanyabiashara aliyewaleta kwa lori toka bara, sehemu kavu iliyo mbali na pwani. Walikuwa wanene na bei yake ilikuwa nzuri, nami sikuuliza zaidi. Sikuwaogesha dawa, sikuwapeleka kwa bwana mifugo, wala sikuwa na karatasi yoyote mkononi. Nilipita njia ya mkato, kama tunavyopita wengi.

Mvua ikanyesha, majani yakachipua, mbuzi wakala wakashiba. Ilipofika wiki ya nne, shangazi akapiga simu. Mbuzi mmoja alikuwa na homa na hataki kula. Kesho yake alikuwa anatembea kwa kuzunguka, ananyanyua miguu juu kupita kawaida kama anayevuka maji. Jioni alianguka chini, akawa anapiga miguu hewani na kutafuna ilhali mdomoni hamna kitu. Usiku huo akafa.

Hadi mwisho wa Januari 2024 walikuwa wamekufa tisa.

Jambo lililomuumiza zaidi shangazi ni kwamba mbuzi wa jirani yake, waliokuwa wakila malishoni pamoja na wa kwake, hakufa hata mmoja. Kijijini maneno hayakukosekana. Yule jirani alikuwa amerudi mapema kuliko wenzake, na tayari watu walikuwa wakimtazama kwa macho ya pembeni. Sasa ikasemwa kwamba ana kijicho, kwamba ana mkono wake katika jambo hili. Shangazi akaacha kumsalimia.

Nikampigia simu bwana mifugo mmoja wa Mtwara, nikamsimulia kila kitu. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza maswali matatu tu: Mbuzi wametoka wapi? Uliwaogesha? Mvua ilianza lini?

Nilipomjibu, akanyamaza kidogo, halafu akasema nimuulize shangazi kama kuna mbuzi aliyepasuliwa. Alikuwepo, mmoja waliyemuwahi kwa kisu kabla hajafa. Ndani ya mfuko wa moyo walikuta maji ya rangi ya njano, mengi, ambayo mchinjaji hakuwahi kuyaona kwa mbuzi mzima.

Bwana mifugo akasema dalili zote zinaelekea kwenye ugonjwa uitwao maji moyo, unaoenezwa na kupe. Uthibitisho kamili hupatikana maabara kwa kupima kipande cha ubongo, nasi hatukufanya hivyo. Lakini mchawi tuliyemtafuta kijiji kizima huenda alikuwa amejificha mapajani mwa mbuzi wenyewe.

Mnyama wa mbali aliyenyolewa

Tangu siku hiyo nilianza kusoma juu ya kupe. Nilitaka kujua kwa nini walikufa wa shangazi na si wa jirani. Masomo hayo yalinifikisha mbali kuliko nilivyotarajia, hadi kwenye misitu ya baridi ya Marekani na Kanada.

Huko kuna mnyama aitwaye musi. Kwa sura anafanana na kulungu, ila ukubwa wake ni wa kutisha. Dume hufikia kilo 400 hadi 600, begani analingana na mtu mrefu, na pembe zake ni pana mithili ya makafi ya mtumbwi. Mtu akiambiwa kwamba jitu kama hilo linauawa na mdudu, atacheka.

Lakini ndivyo ilivyo. Mdudu huyo ni kupe wa majira ya baridi. Kupe wengi wa kwetu hushuka na kupanda kutoka mnyama hadi mnyama, bali huyu akishampata mmoja hukaa naye tangu uchanga hadi utu uzima.

Kuanzia Septemba, kupe wachanga walio wadogo kama chembe za mchanga hupanda kwenye vichaka kwa maelfu na kushikana miguu. Musi akipita, mmoja akimnasa, wote humvaa. Wanaendelea kumvizia hivyo hadi theluji ya kwanza ianguke. Theluji ikishaanguka, waliobaki vichakani hufa.

Hapo ndipo hali ya hewa inapoingia. Dunia imepata joto, theluji ya kwanza inachelewa, na kila wiki inayochelewa ni wiki nyingine ya kupe kuwinda. Kisha Machi na Aprili kupe majike hunyonya damu kwa mara ya mwisho na kudondoka. Wakidondokea theluji, wengi hufa. Wakidondokea udongo mkavu kwa sababu theluji imewahi kuyeyuka, hutaga mayai na hesabu ya mwaka unaofuata huwa kubwa zaidi.

Ndama mmoja wa musi anaweza kubeba kupe 40,000 au zaidi. Hujikuna kwenye miti hadi manyoya yanakatika na mwili kubaki mweupe, na wenyeji humwita musi mzimu. Anakufa kwa kuishiwa damu mwishoni mwa baridi, wakati majani mabichi yamekaribia kuota.

Katika eneo moja la jimbo la Maine, watafiti waliwavisha ndama 70 mikanda ya kuwafuatilia. Hadi baridi ya mwaka 2022 inakwisha, karibu 60 walikuwa wamekufa, na kupe ndiye aliyekuwa mshitakiwa mkuu. Kaskazini mashariki mwa jimbo la Minnesota, makadirio ya idadi ya musi yalishuka kutoka zaidi ya 8,000 mwaka 2006 hadi chini ya 3,000 mwaka 2013. Huko kupe ni sababu mojawapo tu, kwa kuwa wapo pia mbwa mwitu na minyoo inayoshambulia ubongo.

Msomaji atauliza, mbona paa wengine wa misitu hiyo hawafi namna hiyo? Jibu lake ndilo lililonifanya nimkumbuke shangazi.

Paa mwenye mkia mweupe ni mwenyeji wa zamani wa bara lile, na amejifunza kujilamba na kujichana kupe wangali wachanga. Musi ni mgeni. Wahenga wake waliingia kutoka Asia maelfu ya miaka iliyopita, na hadi leo huanza kujikuna wakati kupe wamekwisha kukomaa. Kwa lugha nyepesi, mwenyeji anamjua adui wa nyumbani kwake, mgeni anamjua akiwa amechelewa.

Kalenda ya kaskazi na kusi

Turudi kwetu. Pwani hii ya Palma, Quionga na Mocímboa da Praia haina theluji, lakini kupe wake nao wana kalenda, na kalenda hiyo ni mvua.

Kupe anayeeneza maji moyo ni yule mkubwa mwenye madoa ya rangi mgongoni. Hupenda kujishikiza kifuani, mapajani, kwenye kiwele na sehemu za siri, na mdomo wake mrefu huacha kidonda. Katika nchi zenye msimu mmoja wa mvua, kupe wapevu wa aina hii hutoka kwa wingi mvua zinapoanza. Jike akishashiba damu hudondoka na kutaga mayai yanayoweza kufika 20,000. Watoto wake huanguliwa na kutafuta wanyama mvua zinapoelekea kwisha, na wale wa umri wa kati huendelea wakati wa ukavu.

Kwa lugha ya mabaharia wetu, kaskazi ni msimu wa kupe wakubwa, na kusi ni msimu wa watoto wao. Mimi niliwavusha mbuzi wageni katika wiki ileile ambayo wakubwa walikuwa wanaamka. Tangu kuumwa hadi kuugua maji moyo huwa ni wiki mbili hadi nne hivi. Ukiihesabu safari yangu, tarehe zinakubali.

Na wale mbuzi wa jirani? Hao walizaliwa hapohapo au karibu. Mtoto wa mbuzi au ndama akiumwa na kupe katika siku za mwanzo kabisa za uhai wake, mara nyingi mwili huvumilia, naye akikua huwa na kinga. Mbuzi mkubwa aliyekulia sehemu isiyo na kupe hao hana kinga yoyote. Anafika akiwa mnene na mwenye nguvu, na ndiye anayekufa wa kwanza.

Kwa hiyo jirani hakuwa na dawa ya siri. Mbuzi wake walikuwa wenyeji, na wa shangazi walikuwa musi.

Aidha, maji moyo hayako peke yake. Ng'ombe wana ndigana kali, inayoletwa na kupe wa kahawia anayependa masikio, ambayo huvimbisha tezi, hujaza maji mapafuni na kumuua mnyama kwa kukosa pumzi. Wana ndigana baridi na ugonjwa wa kukojoa damu. Upo pia ugonjwa wa nagana unaoletwa na ndorobo, ambao kwa karne nyingi umefanya pwani hii iwe nchi ya mbuzi na kuku kuliko ng'ombe. Wazee wetu waliposema ng'ombe hakai hapa, hawakuwa wavivu wa kufuga.

Homa yenye jina la pwani yetu

Wanaodhani habari za kupe na biashara ni mpya wasikilize kisa hiki.

Mwaka 1896 na 1897 sotoka iliwafagia ng'ombe wa kusini mwa Afrika. Watu wakataka kujaza mazizi upya, wakaagiza ng'ombe kutoka nje. Baadhi walitoka pwani ya Afrika Mashariki na kushushwa bandari ya Beira, hapa Msumbiji. Kufikia mwaka 1902 homa isiyojulikana ilikuwa inaua ng'ombe huko Rhodesia, ambayo leo ni Zimbabwe, na ikavuka hadi Afrika Kusini.

Mtaalamu wa Kijerumani Robert Koch, ambaye miaka michache kabla alikuwa ameiona homa hiyo Dar es Salaam, aliitwa Bulawayo mwaka 1903 kuichunguza. Arnold Theiler alionyesha kwamba ni ugonjwa wa peke yake, na Charles Lounsbury akathibitisha kwamba kupe wa kahawia ndiye mbebaji. Wakaipa jina la mahali ilikotoka: homa ya Pwani ya Mashariki. Ndiyo hiyo ndigana kali yetu.

Afrika Kusini ilichukua takriban miaka 50 kuifuta, kwa majosho, uzio, vizuizi vya barabarani na kuchinja makundi mazima. Ng'ombe waliokufa au kuchinjwa kusini mwa Afrika kwa ajili yake walizidi milioni moja.

Ninapokisoma kisa hiki sioni mtu mbaya ndani yake. Naona watu waliopoteza mifugo wakiwa na haraka ya kujaza zizi, na wafanyabiashara waliokuwa tayari kuwauzia. Hao ndio sisi.

Msumbiji imelipitia jambo hili zaidi ya mara moja. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipokwisha mwaka 1992, ng'ombe wa nchi nzima walikuwa wamepungua kutoka zaidi ya milioni moja hadi laki chache. Ikaanza kazi ya kurudisha mifugo vijijini, na watafiti wakaonya kwamba maji moyo ni tishio kubwa kwa wanyama wanaohamishwa kutoka sehemu zisizo na kupe kwenda sehemu zenye kupe. Waliorudi kutoka kambi za Tanzania miaka ile wanakumbuka jinsi ilivyokuwa vigumu kupata hata mbuzi wawili wa kuanzia.

Upande wa pili wa mto, wilaya ya Tandahimba ilipatwa na sotoka ya mbuzi na kondoo kati ya mwaka 2009 na 2010. Huo si ugonjwa wa kupe, lakini njia uliyopita tunaijua: uchunguzi ulionyesha kwamba uliingia na mbuzi walionunuliwa mnadani Dar es Salaam, kilometa mamia kadhaa kutoka pale. Lori moja linatosha.

Na kuanzia mwaka 2006, serikali ya Tanzania ilipowaondoa wafugaji katika bonde la Usangu na Ihefu, wengi walielekezwa kusini, hasa mkoa wa Lindi. Maana yake ni kwamba leo makundi makubwa ya ng'ombe yako karibu zaidi na Ruvuma kuliko zama za babu zetu. Biashara imekua, na kupe naye amepata usafiri.

Mvua imebadilika, na watu waliondoka

Je, joto la dunia linamneemesha kupe wetu kama linavyomneemesha yule wa Marekani? Jibu si jepesi, na anayesema ndiyo tu, au hapana tu, anakosea.

Adui mkubwa wa kupe wa Afrika ni ukavu. Mayai na kupe wachanga wakikosa unyevu hukauka. Hivyo, sehemu zitakazokuwa na joto kali na mvua haba huenda zikapoteza baadhi ya kupe, na sehemu za juu zilizokuwa na baridi ya kuwazuia zitawakaribisha. Kupe hapungui tu wala haongezeki tu. Anahama, na akihama anawakuta wanyama wasio na kinga.

Kwa mwambao wetu, jambo la kuangaliwa zaidi ni mvua kutoka katika ratiba yake. Mvua za hapa huja kati ya Desemba na Aprili. Zikichelewa, mifugo hufika mwisho wa kiangazi ikiwa imekonda, kisha mvua inapodondoka kupe wakubwa hutoka kwa pamoja na kumkuta mnyama hana nguvu. Zikirefuka, mayai hupata unyevu wa kutosha na watoto wengi huishi.

Tumeshuhudia mambo ambayo wazee hawakuyazoea. Aprili 25, 2019, wakati kusi inabisha hodi, Kimbunga Kenneth kilitua Cabo Delgado kikiwa na upepo uliozidi kilometa 200 kwa saa. Haikuwahi kurekodiwa kimbunga chenye nguvu namna hiyo kupiga kaskazini ya mbali ya Msumbiji. Desemba 15, 2024 kikaja Chido, kikatua Mecúfi kusini mwa Pemba. Siwezi kusema kwamba vimbunga hivi viliongeza kupe. Ninachosema ni kwamba mtu anayepanga mifugo yake kwa kalenda ya babu yake, leo anaweza kukosea kwa mwezi mzima.

Na juu ya mvua kuna vita. Tangu Oktoba 5, 2017, siku lilipotokea shambulio la kwanza Mocímboa da Praia, mamia ya maelfu ya watu wa mkoa huu walihama, wengine zaidi ya mara moja. Kijiji kikikaa bila watu hakuna anayefyeka njia, hakuna anayechoma takataka, hakuna anayeogesha mbuzi. Mifugo iliyoachwa huzurura porini, na pori lenyewe hurudi hadi mlangoni. Anayerudi anarudi kwenye nyumba yake, lakini malisho yake yamekwisha kuwa ya wanyama wa porini na kupe wao.

Ndiyo maana nasema mtu aliyerudi na mbuzi wa mbali ana hatari mbili. Mbuzi wake ni wageni, na yeye mwenyewe amekuwa mgeni kwenye ardhi yake.

Tufanye nini sisi wa mpakani

Nilimrudia yule bwana mifugo nikiwa na daftari. Haya ninayoyaandika nimeyachuja kutokana na mafunzo yake na kutokana na makosa yangu mwenyewe.

Kwanza, nunua karibu. Mbuzi mdogo wa kienyeji aliyezaliwa kijiji cha tatu kutoka kwako ana thamani kuliko mbuzi mkubwa aliyeshuka kwenye lori. Bei ya mbuzi uijue baada ya mvua moja kupita, si siku ya kununua.

Pili, kama lazima atoke mbali, usimlete kaskazi inapoanza kumwaga mvua. Mlete wakati wa ukavu, apate muda wa kuzoea akiwa chini ya uangalizi wako. Si kwamba kiangazi hakuna kupe, wapo, ila wale wakubwa hawajatoka kwa wingi.

Tatu, mkague kwa mikono: ndani ya masikio, chini ya mkia, mapajani, kifuani, katikati ya kwato. Muogeshe kabla hajavuka mto, na akishafika mtenge na wenzake kwa wiki tatu au nne. Wafanyabiashara watasema wiki nne ni hasara. Mimi nilipoteza mbuzi tisa kwa kuokoa siku moja.

Nne, dawa ya kuogesha ichanganywe kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Wako wanaoongeza maji ili chupa moja itoshe kijiji kizima. Dawa hafifu haiui kupe wote. Huua wale dhaifu na kuwaacha sugu wazaliane, na baada ya miaka michache utanunua chupa ileile isikufae kitu. Kupe wa bluu aliyetoka Asia, ambaye ameenea sehemu nyingi za Tanzania na kusini mwa Msumbiji, anasifika kwa usugu huo. Naye, kama yule wa musi, humaliza maisha yake kwa mnyama mmoja, hivyo anayemsafirisha ng'ombe anasafirisha ukoo mzima.

Tano, mbuzi akipata homa usingoje aanze kuzunguka. Maji moyo hutibika kwa dawa ya oksitetrasaiklini ikiwahi siku ya kwanza au ya pili. Akishaanguka na kupiga miguu, mara nyingi unachelewa. Kwa wenye ng'ombe, ipo chanjo ya ndigana kali iliyotokana na utafiti wa Muguga nchini Kenya miaka ya 1970, ambayo wafugaji wengi wa kaskazini mwa Tanzania wameitumia. Muulize bwana mifugo kama inafaa eneo lako kabla ya kutoa pesa.

Sita, karatasi. Najua msomaji wangu wa mpakani atakunja uso. Kibali cha kusafirisha mifugo huchukua muda na fedha, na njia ya panya iko wazi usiku na mchana. Lakini kibali kina maana moja ambayo hatuifikirii: kinaandika mnyama ametoka wapi. Ugonjwa ukizuka, hilo ndilo swali la kwanza. Mimi niliulizwa nikakosa jibu, kwa sababu hata kijiji walikotoka mbuzi wale sikukijua.

Serikali za pande zote mbili nazo zina sehemu yao. Kupe haoni mpaka katikati ya Ruvuma. Josho likiwa zima upande mmoja na limekauka upande wa pili, hilo zima nalo linafanya nusu ya kazi. Huko Marekani wenzetu nao wanahangaika. Mwaka 2021 jimbo la Maine lilianza kuruhusu uwindaji zaidi katika sehemu moja ya msitu, ili kupima kama musi wakipungua, kupe nao watapungua. Hawawezi kumuogesha musi porini. Sisi mbuzi wetu tunamkamata kwa kamba. Tuna nafasi ambayo wao hawana.

Watatu waliobaki

Nilirudi kijijini kwa shangazi kusi ya mwaka 2024. Nilikuwa nimemweleza yote kwa simu, habari za kupe, za mvua na za mbuzi wageni, lakini nilitaka nimwambie ana kwa ana kwamba kosa lilikuwa langu.

Alinisikiliza huku akipepeta mchele. Nilipomaliza, aliniuliza swali moja tu: “Kwa hiyo yule bwana hakufanya kitu?”

Nikamjibu hakufanya kitu, shangazi. Mbuzi wake walizaliwa hapa, basi.

Hakusema neno. Akaendelea kupepeta. Mbuzi watatu waliosalia walikuwa wamefungwa chini ya mwembe, wote majike, wawili wana mimba. Dume lilikuwa la yule jirani, kwani pale kijijini hakukuwa na jingine. Mbuzi hawakuwa wamesubiri wenye mali wapatane.

Jioni ile nilimwona shangazi akipita uani kwa jirani na sahani iliyofunikwa. Walisimama mlangoni kwa muda mrefu. Sikusikia walichozungumza, na sikuuliza.

Leo wale majike wamezaa, na watoto wao wameumwa na kupe wa pale tangu siku za kwanza. Shangazi huwakagua kila jioni, masikio na mapaja, na ananiambia kwa simu idadi ya kupe aliowatoa kama mtu anayetoa hesabu ya duka. Anasema hao si mbuzi wangu nilioleta, ni wenyeji.

Wahenga walisema mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Musi amenyolewa huko kwenye theluji hadi ngozi imebaki wazi. Kaskazi nyingine inakuja, na mitumbwi ya Ruvuma itavusha mbuzi kama kawaida. Kabla hujampakia wako, mfunue masikio.